Ukitaka kubadili sarafu za kibubu kuwa noti, soma hii kwanza

Habari zenu wote. Hili naliandika kwa ajili ya yeyote mwenye kopo, ndoo au kibubu kimejaa sarafu pale nyumbani na anawaza kwamba siku akibanwa atazibeba tu apeleke sehemu apewe noti arudi. Mimi na mke wangu tuliwaza hivyohivyo kwa miaka, kila jioni chenji ya mfukoni inaingia kwenye ndoo ya rangi pale kona ya chumbani, hatuhesabu, hatugusi, tunajua tu kuna hela pale. Halafu kazi ya mke wangu ikasimama ghafla na kodi ya nyumba ikawa imekaribia, tukaangaliana, tukaangalia ndoo. Hela ipo. Shida ni kwamba hakuna mwenye nyumba anayetaka kulipwa kwa ndoo.

Cha kwanza ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni uzito. Sarafu nyingi duniani zina uzito kati ya gramu 2 na gramu 9 hivi, ukichukua gramu 5 kama wastani basi sarafu elfu moja ni kilo 5, na ndoo ya lita 20 ikijaa mtu mmoja haiinui. Tuliihamishia kwenye begi la mgongoni na mifuko ya kawaida, mfuko mmoja ukapasuka kabla hatujafika barabarani tukaanza kuokota huku watu wanatuangalia. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta mifuko imara ya kitambaa kizito au turubai, gawa mzigo uwe mafungu madogo ambayo kila moja unaweza kulibeba kwa mkono mmoja bila kuyumba, na usibebe zote siku moja. Hilo la siku moja nitalirudia huko mbele kwa sababu lina mambo mengine zaidi ya uzito.

Tukaenda benki. Foleni ilikuwa ndefu, ilikuwa mwisho wa mwezi, na tulipofika kaunta yule dada akaangalia begi akasema hapokei sarafu zilizochanganyika, zinatakiwa zitenganishwe kila aina peke yake, zihesabiwe, zifungwe kwa idadi wanayoitaka wao, na pia akauliza kama tuna akaunti pale. Hatukuwa nayo, ya kwetu ilikuwa benki nyingine. Akatuambia basi hata tukizifunga hawezi kuzichukua. Nyuma yetu watu walianza kuguna. Mke wangu alishusha macho na mpaka leo akisimulia siku ile sauti yake inabadilika, maana ukiwa umeshapoteza kazi halafu unasimama mbele ya watu na begi la vijisenti unaambiwa ondoa, inauma sehemu ambayo si ya hela. Nilikasirika sana. Nikajibu kwamba hii ni pesa halali ya nchi, lazima mpokee.

Nilikuja kusoma baadaye na nataka hili mlijue vizuri kwa sababu wengi tunaliamini: pesa kuwa halali haina maana kwamba kila mtu analazimika kupokea sarafu kwa idadi yoyote. Nchi nyingi zimeweka kikomo kwenye sheria. Uingereza kwa mfano, Sheria ya Sarafu ya mwaka 1971 inasema sarafu za peni 1 na peni 2 ni malipo halali mpaka jumla ya peni 20 tu, za peni 5 na 10 mwisho pauni 5, na za peni 20 na 50 mwisho pauni 10. Kwenye nchi zinazotumia yuro kanuni ni kwamba hakuna anayelazimika kupokea sarafu zaidi ya 50 kwenye malipo ya mara moja, ukiacha mamlaka inayozitoa. Kwa hiyo mwenye duka au mwenye nyumba akikukatalia begi la sarafu mara nyingi hajavunja sheria yoyote. Tafuta kikomo cha nchi uliyopo ukijue kabla hujaanza kubishana na mtu.

Na yule dada wa kaunta, baada ya hasira kupoa, nilimwelewa. Keshia akifunga kaunta jioni hesabu lazima ilingane, sarafu moja ikipungua au ikizidi ni yeye anayeulizwa, sasa mtu anamletea begi ambalo hata mwenyewe hajui lina shilingi ngapi, foleni iko mlangoni, atahesabu saa ngapi? Nadhani benki zingeweza kuandika hayo masharti kwenye karatasi kubwa mlangoni wakatuokolea safari, hilo bado nalidai, ila yule dada mwenyewe hakuwa na kosa.

Baada ya hapo tukasikia habari za mashine za kuhesabu sarafu, zile unamwaga sarafu juu inazichambua yenyewe inakupa risiti unakwenda kuchukua noti kaunta. Hizi mashine ziko kwenye baadhi ya maduka makubwa na baadhi ya benki kwenye nchi kadhaa, kampuni inayojulikana zaidi ni Coinstar iliyoanzia Marekani mwaka 1991. Nikafurahi sana. Mke wangu ambaye ana akili ya pesa kuliko mimi akasema tusimwage zote, tupeleke fungu dogo kwanza, tena tulihesabu nyumbani na tuandike jumla kwenye karatasi. Nilimwona ananichelewesha. Lakini tulifanya kama alivyosema, na ile karatasi ndiyo iliyotuokoa.

Mashine inafanya kazi hivi: sarafu zinaanguka moja moja kwenye njia nyembamba, kuna vihisio vinapima kipenyo, unene na aina ya madini kwa njia ya sumaku ya umeme, ikilingana na sarafu inayoijua inahesabiwa na kudondoka kwenye pipa la ndani, isipolingana inarudishwa kwenye kisahani cha chini. Sasa hapo pana mambo matatu. La kwanza ni makato. Mashine nyingi zinakata asilimia fulani ya hela yako na ile asilimia inatofautiana mahali na mahali, wakati mwingine imeandikwa kwa maandishi madogo kwenye kioo na unaiona baada ya kuwa umeshamwaga. Ikiwa ni asilimia 10, kwenye kila sarafu kumi umeacha moja pale. Kwa mtu anayetafuta kodi hiyo siyo ndogo. Baadhi ya mashine zinakupa njia ya kuchukua kadi ya zawadi ya duka badala ya noti na hapo hawakati kitu, ambayo ni nzuri kama ni duka ambalo ungenunua vitu hata hivyo, lakini kama unachotaka ni noti ya kumpa mwenye nyumba haikusaidii.

La pili ni kisahani. Watu wanamwaga, wanachukua risiti, wanaondoka, na sarafu zilizorudishwa zinabaki mle. Nyingi kati ya hizo ni nzima kabisa, zilikuwa na uchafu au zilishikana mbili mbili, ukizifuta na kuzimwaga tena zinapita. Sisi tulirudisha zilezile na nyingi zikapita.

La tatu ndilo zito. Risiti ilitoka pungufu ya karatasi yetu. Nikaangalia kisahani, kitupu. Nikamwonyesha msimamizi, mwanzoni akasema mashine haikosei, mke wangu akatoa ile karatasi aliyoandika kila aina na idadi yake, akaiweka mbele yake bila kupandisha sauti. Wakafungua mashine, wakakuta sarafu zimenasa kwenye njia ya kushukia, wakatulipa tofauti. Bila ile karatasi tungesema nini? Kwamba tunahisi? Na msidhani ni sisi tu. Marekani mwaka 2016 benki ya TD Bank iliziondoa mashine zake za kuhesabia sarafu kwenye matawi yote baada ya waandishi wa habari wa televisheni kumwaga kiasi kinachojulikana kwenye mashine tofauti na kukuta baadhi zinatoa hesabu pungufu. Mashine ni chombo, inanasa, inachakaa, inajaa vumbi. Usimwage sarafu ambayo hujaihesabu.

Basi hapo ndipo tukarudi nyumbani na kukubali kwamba kazi yote iko nyumbani, kwenye mkeka, na siyo kwa keshia wala kwenye mashine. Na hapa naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kwa sababu hapa ndipo hela inapookolewa au kupotea.

Anza kwa kutandika kitu chenye rangi moja na kisicho na maua, shuka la zamani linafaa sana, ili sarafu zionekane. Mwaga kidogo kidogo. Kabla ya kutenganisha aina toa kwanza takataka, na utashangaa kilichomo: kwetu kulikuwa na vifungo vya shati, vipete vya bolti, tokeni za chuma zinazofanana na sarafu, pini, nywele, na karatasi za pipi zilizoyeyuka zikagandisha sarafu kama gundi. Hizo zilizoganda ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sugua kwa mkono, zianike zikauke kabisa kabisa. Sarafu mbichi zikiingia kwenye mashine zinashikana, na zikifungwa kwenye karatasi zinailowesha. Ila usitumie dawa za kung'arishia wala mchanga wala brashi ya waya, sababu nitaisema.

Halafu tenganisha kwa aina. Watoto wanapenda sana hii kazi, na sisi watoto wetu walitusaidia, ila mtoto mdogo anayeweka vitu mdomoni asikae pale hata kidogo, sarafu ikikwama kooni ni hatari kubwa. Panga mirundo ya kumi kumi. Usihesabu moja moja mpaka mia, utapotea, mtu atakuita, simu italia, utaanza upya. Mrundo wa kumi ukishaujenga wa kwanza vizuri, mingine unaipima kwa urefu kwa kuisogeza karibu, ukizidi au ukipungua unaonekana hapohapo. Angalizo tu ni pale nchi ina matoleo mawili ya sarafu ileile yenye unene tofauti, hapo mrundo utakudanganya, kwa hiyo tenganisha matoleo kwanza.

Ukiwa na sarafu nyingi sana, mizani ya jikoni ya kidijitali inaokoa muda mwingi. Benki nyingi zenyewe zinapima mifuko kwa mizani, hazihesabu kwa mkono. Tafuta uzito rasmi wa sarafu yako, benki kuu au kiwanda cha sarafu mara nyingi huuchapisha. Yuro 1 ina gramu 7.5 na yuro 2 ina gramu 8.5. Robo dola ya Marekani ina gramu 5.67. Peni 1 ya Uingereza gramu 3.56. Ukishaujua, pima fungu lote, gawanya, umepata idadi. Nilipenda sana kugundua kwamba baadhi ya sarafu zimetengenezwa makusudi uzito wake ulingane na thamani: peni 2 ya Uingereza ina gramu 7.12, yaani mara mbili ya peni 1 kabisa, kwa hiyo hizo mbili hata zikichanganyika pauni moja yake, yaani peni 100, ni gramu 356. Peni 5 na peni 10 vilevile, 3.25 na 6.5. Marekani sarafu ya senti 10 ni gramu 2.268 na ya senti 25 ni 5.67, uwiano wa thamani na uwiano wa uzito ni mmoja, dola moja ya mchanganyiko huo ni gramu 22.68. Lakini usidhani ni hivyo kila mahali. Peni 20 ina gramu 5 na peni 50 ina gramu 8, hizo ukizichanganya umeharibu.

Tena angalia kama madini yalibadilishwa. Senti 1 ya Marekani ilikuwa gramu 3.11 mpaka mwaka 1982 ambapo wakahamia kwenye zinki iliyopakwa shaba, ikashuka gramu 2.5, na kwenye ndoo moja utakuta zote mbili, sasa ukipima kwa uzito mmoja hesabu inakwenda kombo. Uingereza nao mwaka 1992 walibadili peni 1 na 2 kutoka shaba nyeusi kwenda chuma kilichopakwa shaba, uzito ukabaki uleule, ila za chuma zinanasa kwenye sumaku na za zamani hazinasi. Sumaku ndogo ni kifaa kizuri sana kwenye hii kazi, hata sarafu za bandia na vipande vya chuma wakati mwingine vinajulikana kwa hiyo. Mizani yenyewe pia ipime kwanza, weka sarafu 20 ulizohesabu kwa mkono uone kama inasema sawa. Mizani ya betri iliyochoka inadanganya.

Andika. Kila aina, idadi, jumla, tarehe. Piga picha ya mafungu. Fungu likihamia kwenye mfuko, mfuko uandikwe juu. Mimi na mke wangu tulihesabu kila mtu peke yake halafu tukalinganisha, na pale tulipotofautiana tulirudia, na nikiri kwamba tuligombana pale, wote tulikuwa tumechoka, mgongo unauma, vidole vimekuwa vyeusi na vinanuka chuma, na juu ya yote kuna ile hofu ya kodi. Ukiweza usifanye hii kazi siku moja mpaka usiku. Gawa. Na nawa mikono kabla ya kula.

Sasa zile zilizobaki pembeni. Utapata sarafu za aina tatu ambazo usizitupe na usizilazimishe kwenye fungu la kawaida. Kuna zilizoondolewa kwenye mzunguko. Hizi kila nchi ina taratibu zake na tofauti ni kubwa mno: Ujerumani benki kuu yao inabadili sarafu za maki, hela yao ya kabla ya yuro, bila mwisho wa muda, mtu anaweza kuleta leo akalipwa, wakati Ufaransa dirisha la sarafu za faranga, nazo za kabla ya yuro, lilifungwa Februari 2005 na baada ya hapo ni kumbukumbu tu. Uingereza pauni 1 ya zamani, ile ya duara, iliacha kuwa malipo halali tarehe 15 Oktoba 2017, maduka hayapokei, ila benki ziliendelea kuzipokea kwa wateja wao. Kwa hiyo usimsikilize jirani, uliza benki kuu moja kwa moja. Na kusimamisha utengenezaji siyo kuiondolea sarafu uhalali. Kanada waliacha kusambaza senti 1 mwaka 2013 na Marekani waligonga za mwisho za matumizi ya kawaida Novemba 2025, lakini zilizopo mikononi mwa watu bado ni hela. Mtu akikuambia "hizi zimekufa, nipe nikusaidie kuzitupa", zirudishe mfukoni.

Kuna za kigeni. Hapa nitasema ukweli mchungu, sarafu za nchi nyingine ni ngumu sana kubadili, maduka ya kubadilisha fedha mengi yanachukua noti tu kwa sababu gharama ya kuzisafirisha sarafu kurudi kwao inazidi thamani yake. Tulizunguka nazo bure. Njia ambazo mara nyingi zinafanya kazi ni mbili, kumpa mtu anayesafiri kwenda nchi hiyo akakupa thamani yake, au kuzitoa sadaka kwenye taasisi zinazokusanya sarafu za kigeni, baadhi ya mashirika ya ndege na viwanja vya ndege wana visanduku vya hivyo.

Na kuna zile ambazo huenda zina thamani kuliko maandishi yake, za miaka ya nyuma, za maadhimisho, zenye kasoro ya kiwandani. Nyingi hazina lolote, ni za kawaida tu, watu mitandaoni wanatia chumvi sana. Ila usizipeleke benki kabla ya kumwonyesha mtu anayejua, na ndiyo maana nilisema usizing'arishe, wakusanyaji wanazikataa au wanashusha bei kwa sarafu iliyosuguliwa, ile rangi ya uzee wanaitaka.

Baada ya kuwa na mafungu yaliyohesabiwa mambo yalibadilika kabisa, na njia iliyotusaidia kuliko zote haikuwa benki wala mashine. Ilikuwa wafanyabiashara wadogo. Fikiria, mtu anauza vitu vya bei ndogo siku nzima, kila mteja anakuja na noti kubwa asubuhi, anapoteza wateja kwa kukosa chenji. Huyo mtu anakutafuta wewe. Mke wangu ndiye aliyepita kuuliza, hakubeba chochote, aliuliza tu: unahitaji chenji kiasi gani, ya aina gani, siku gani? Wengine walitaka sarafu za kati tu, ndogo sana hawakutaka. Wengine walisema niletee kila Jumatatu. Tukawa tunawapelekea fungu lililohesabiwa, wanahesabu mbele yetu, wanatupa noti ya thamani ileile, hakuna makato, hakuna foleni, hakuna kudharauliwa. Mmoja alishukuru sana mpaka mke wangu akaona aibu. Zile sarafu ambazo zilitufanya tuinamishe macho benki, hapa zilikuwa ni msaada.

Ila kuna tahadhari. Hesabuni mbele ya wote wawili na usiondoke mpaka amekubali. Noti unayopewa iangalie vizuri, papasa ile michoro iliyoinuka, iinue kwenye mwanga uone alama ya maji na uzi, kwa sababu mwenye noti bandia akisikia mtu anabadili sarafu anaona ni nafasi. Wapo pia wanaonunua sarafu kwa bei ya chini, wanakuambia leta zote nikupe chini kidogo ya thamani, ukiwa na haraka utakubali. Kabla hujakubali piga hesabu ya kile kidogo ni kiasi gani kwenye jumla yote, halafu linganisha na makato ya mashine. Kwetu walitaka kukata zaidi ya mashine.

Na usiwaambie watu jumla yako. Hili ndilo jambo jingine la kutobeba zote siku moja. Mtu akijua ndani kuna ndoo ya hela, habari inatembea. Tulikuwa tunapeleka kidogo kidogo, mchana, njia zenye watu, na kwa kila mfanyabiashara tulionekana ni watu wenye fungu moja tu.

Zilizobaki, hasa zile ndogo kabisa ambazo hakuna aliyezitaka, tulizipeleka benki yetu wenyewe. Safari hii nilipiga simu kwanza. Maswali ya kuuliza ni haya: mnapokea sarafu kwa mteja wenu siku zipi na saa ngapi, mnataka zifungweje na ngapi kwa kila kifungo, mnatoa vifungashio bure, kuna makato kuanzia kiasi gani, na mnaweka kwenye akaunti au mnatoa noti hapohapo. Kila benki inajibu tofauti, hata matawi ya benki moja. Vifungo navyo vina viwango vyake, Marekani karatasi moja ni senti 1 hamsini, au senti 5 arobaini, au senti 10 hamsini, au senti 25 arobaini. Uingereza mfuko mmoja wa peni 1 au 2 ni pauni 1, wa peni 5 au 10 ni pauni 5, wa peni 20 au 50 ni pauni 10, wa pauni 1 au 2 ni pauni 20. Ukifunga kinyume na kiwango chao wanakurudishia ufungue upya, na vifungashio umeshavinunua.

Tulikwenda katikati ya wiki, katikati ya mwezi, asubuhi baada ya ule msongamano wa kufungua. Keshia akapima kila mfuko, ulilingana, akagonga muhuri. Tulichagua kuweka kwenye akaunti kwa sababu benki ile haikukata kitu kwa kuweka ila ilikata kwa kubadilisha, na kesho yake tukatoa noti. Ukishapewa stakabadhi linganisha na karatasi yako palepale kabla ya kuondoka kwenye dirisha, kwa sababu ukishatoka mlangoni hakuna anayekusikiliza.

Gharama zetu kwa jumla zilikuwa nauli za zile safari zilizokataliwa, makato ya lile fungu la mashine, mifuko na vifungashio, na muda, ambao mke wangu anasema ndio uliokuwa mkubwa kuliko vyote. Kodi ililipwa, siyo yote kwa sarafu ila sehemu nzuri ilitoka mle, na mwenye nyumba alipokea noti kama noti nyingine. Mke wangu kapata kazi nyingine baadaye.

Ndoo tumeiondoa. Sasa hivi tuna makopo, kila aina ya sarafu na kopo lake, na kopo likifika nusu tu linahesabiwa, linaandikwa, linapelekwa kwa mama mmoja mwenye duka ambaye tulimzoea wakati ule, anatupa noti. Za kigeni zina bahasha yake zinasubiri msafiri. Na chenji ya kawaida tunajitahidi kuitumia siku ileile tuliyopewa, mtu ananunua kitu kidogo analipa sarafu kamili badala ya kuvunja noti nyingine, maana noti ikishavunjwa ndiyo sarafu zinazaliwa tena.